Theluji ya Kibo na Maji ya Mifongo

Hans Meyer alirudi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mwaka 1898. Miaka tisa kabla ya hapo, tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Ludwig Purtscheller walikuwa wamesimama kileleni, watu wa kwanza kuandikwa kwamba wamefika huko, baada ya kupanda ubavu wa barafu waliouita Ratzel huku wakichonga vidato kwa shoka, hatua kwa hatua. Safari ya pili alikuta mambo mengine. Pengo lililo kwenye ukingo wa kreta, ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake, lilikuwa limepanuka sana, na barafu ilikuwa imerudi nyuma. Akayaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1900, mwaka uleule ambao Wajerumani walimnyonga Mangi, yaani mtawala, Meli pale Moshi ya Kale. Basi habari ya theluji ya Kilimanjaro kupungua ni ya zamani kuliko reli ya Moshi na kuliko ushirika wetu wa kahawa. Leo wageni wanaopita njia ya Marangu hufika kwenye ukingo wa kreta, pale Gilman's Point, wakikanyaga changarawe na vumbi la volkano.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia, mzaliwa wa Mamba, jirani na Marangu. Babu yangu alikuwa mmoja wa wazee waliotunza mfongo, yaani mtaro wa maji, wa ukoo wetu, na baba yangu mdogo alibeba mizigo ya wageni mpaka alipozeeka. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi wa kidato cha kwanza wachore mlima na mito yake, na kila mwaka walichora vilevile: kofia nyeupe juu, kisha mstari wa buluu ukishuka kutoka kwenye kofia hiyo hadi kwenye migomba. Hata watu wazima, wenye digrii zao, huuona mlima hivyo. Historia ya upande wetu inaeleza vingine. Maji yaliyowalisha Wachagga yalitoka msituni, na yalifika nyumbani kwa kazi ya mikono ya watu. Naona ni muhimu sana jambo hili lisemwe sasa, wakati dunia nzima inaililia theluji, maana kilio hicho kimeufunika msitu.

Lakini nianze na theluji, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa zaidi.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe wa Kibo tarehe 11 Mei 1848 akiwa njiani kwenda Kilema kwa Mangi Masaki. Kwanza alidhani ni wingu. Kiongozi wake wa msafara akamwambia kwamba ile ni baridi tu. Mtu wa pwani aliyezoea njia za bara hakuwa na haja ya neno jingine. Rebmann akaelewa kuwa anaitazama theluji, akaandika, na maandishi yake yakachapishwa Uingereza mwaka uliofuata. Huko London mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, akayakataa kabisa. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani! Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika, ila alishikilia neno lake kwa miaka mingi.

Wakati London ikibishana, watu wa Kilema na Machame walikuwa wameshamaliza suala hilo zamani. Rebmann mwenyewe aliandika alivyosimuliwa kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakaangalie kile kitu cheupe kama ni fedha, na baridi ikawaua karibu wote. Aliyesalia alirudi na mikono na miguu iliyoharibika. Wenyeji walimweleza pia kwamba kitu kile kikiletwa chini hugeuka maji. Huo ni uchunguzi kamili: kuna safari, kuna gharama ya roho za watu, kuna matokeo. Sijaona bado kitabu cha shule kinachomtaja Rengua kama mtu aliyetuma msafara wa kwanza wa utafiti Kibo, na kwa maoni yangu anastahili kutajwa hivyo.

Waliofuata nitawapita haraka. Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862, na theluji ikawanyeshea usiku. Charles New, mmisionari Mwingereza, alifika penye theluji mwaka 1871 akiwa na Tofiki, mwenzake aliyetoka naye pwani, baada ya kupewa ruhusa na Mangi Rindi wa Moshi. Baada ya hapo hapakuwa tena na mtu wa kubisha.

Kwa wazee wetu, Kibo ilikuwa upande wa heshima. Mtu akisali, akitambika, hata akilazwa kaburini, uso ulielekezwa Kibo. Mawenzi, kilele cha pili, haikupewa hadhi hiyo, na hadithi yake kila mtoto wa Uchaggani ameisikia: Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika kila mara, akawa haishi kwenda kuomba kaa la moto kwa Kibo. Siku moja Kibo alikuwa akitwanga ndizi kavu. Akachoka na jirani huyu, akampiga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amebaki na mapengo kichwani mpaka leo. Bibi alipotusimulia alitutuma nje tukamtazame Mawenzi wenyewe, tuone makovu.

Sasa mifongo.

Mlima wetu una makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni, na mito inapita chini kabisa ya makorongo hayo. Watu wanaishi juu, migongoni. Maji unayasikia, lakini huyafikii. Mababu walitatua tatizo hili kwa kwenda juu, mpaka ndani ya msitu, mahali ambapo mto bado uko karibu sawa na mgongo wa kilima, na kuutoa mkono hapo. Walijenga banio kwa mawe, matawi, udongo na vigogo vya migomba, wakachimba mtaro ulioukumbatia ubavu wa korongo ukishuka taratibu kuliko mto wenyewe, hata baada ya kilomita kadhaa maji yakawa yametokea juu ya mgongo, yakaingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Palipokuwa na ufa au mwamba, walipitisha maji kwenye mashina ya miti yaliyochongwa katikati. Hawakuwa na pima maji wala ramani. Walichimba na kuyaacha maji kidogo yawafuate nyuma, ili yenyewe yaseme kama mteremko umekaa sawa. Wageni wa karne ya 19, New akiwa mmoja wao, na Harry Johnston aliyekuja mwaka 1884, waliistaajabia mifereji hii katika vitabu vyao.

Mfongo ulikuwa na wenyewe. Ukoo ulioutoa ndio uliokuwa na neno la mwisho, na mzee wa mfongo alitoka katika ukoo huo. Yeye aligawa zamu: nani anapata maji tangu alfajiri, nani baada ya jua kupanda, nani usiku. Maji ya usiku mara nyingi yaliingizwa kwenye nduwa, yaani bwawa la udongo, yakae humo hadi asubuhi. Banio lilichukuliwa na mafuriko karibu kila masika, hivyo mvua zikiisha pembe ilipulizwa na wanaume wakapanda na majembe. Aliyekosa bila sababu alitozwa pombe, na mkaidi alifungiwa maji. Nakumbuka babu akitoka kwenda kusikiliza kesi ya mtu aliyefungua maji usiku yasiyo zamu yake. Alivaa koti lake la kanisani, ingawa kesi ilikuwa imeitishwa pembeni mwa mtaro, kwenye tope. Hukumu ilikuwa debe la mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na wote wawili, mshtaki na mshtakiwa, walitakiwa kunywa kutoka kwenye kata moja.

Mbege yenyewe ilikuwa tunda la mfongo. Migomba ilivumilia, lakini ulezi uliopandwa kiangazi usingeota bila maji ya mtaro, na bila ulezi hakuna mbege, na bila mbege hakuna posa, hakuna tambiko, hakuna suluhu ya ugomvi. Kahawa ilipoingia na kushamiri, mpaka wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 na ushirika wao, KNCU, ukazaliwa mwaka 1933, ilikuta mitaro tayari imechimbwa, ikanywa maji yaliyokuwa ya ulezi.

Maji haya yalitoka wapi? Kileleni pa Kibo mvua na theluji ya mwaka mzima, ukiipima kama maji, ni kidogo, kiasi cha mahali pakame. Shuka hadi kwenye msitu wa upande wa kusini, kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na utakuta mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo ndipo chemchemi zinapozaliwa. Juu zaidi, kwenye miti ya mierika iliyoota ndevu za kuvu, ukungu wenyewe hukamatwa na majani na kudondoka tone kwa tone hata siku ambayo mvua haikunyesha. Mchango wa barafu katika mito yetu ni mdogo. Kikuletwa na Ruvu, zinazojaza bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea kwa jina la Pangani hadi baharini, ni mito ya msitu.

Babu hakuwa na kipimo cha milimita, na alilijua hili. Kuna miti karibu na banio ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa, na mbuzi alichinjwa hapo, chini ya miti, upande wa maji. Sijasikia kwamba ukoo wetu uliwahi kupanda hadi kwenye barafu kuomba maji.

Wakati sisi tukigawana zamu, barafu ilikuwa ikipimwa. Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha na kuchora ramani ya Kibo mwaka 1912, na kutokana na kazi yao tunajua kuwa mlima ulikuwa na barafu ya kama kilomita za mraba 12. Mwaka huohuo Walter Furtwängler alipanda hadi kileleni, na barafu iliyo katikati ya kreta ikapewa jina lake. Kufikia mwaka 1953 zilibaki kilomita za mraba zisizofika 7. Mwaka 1976 zilikuwa kama 4, mwaka 1989 kama 3.3, na mwaka 2011 hazikufika 2. Katikati ya hesabu hizo dunia ilisoma hadithi ya Hemingway ya mwaka 1936 yenye theluji ya Kilimanjaro katika jina lake, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda akasimika bendera na mwenge wa nchi mpya kileleni. Picha za wakati ule, ukiziweka kando ya picha za leo, zinauma.

Sababu zake hazikuwa moja tangu mwanzo mpaka mwisho, na hapa ninaomba msomaji asiwe na haraka. Hewa ya kileleni kwa wastani iko chini ya nyuzi sifuri kwa kiasi kama nyuzi 7. Huko juu barafu inaweza kupungua bila kuwa maji: jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja, na kuta wima za barafu zinazosimama kwenye kreta zimechongwa hivyo. Mtaalamu wa barafu Georg Kaser na wenzake wameonyesha kwamba Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu ghafla karibu mwaka 1880. Hata Ziwa Viktoria lilishuka. Mawingu yakapungua, theluji mpya ikapungua, jua likapata nafasi. Hicho ndicho Meyer alichokikuta mwaka 1898, na hakikuletwa na magari wala viwanda.

Wapo wanaoishia hapo na kusema basi, binadamu hana lawama. Nawapinga. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitoboa barafu ya Kibo mara sita, na wapagazi wetu wakashusha mabegani nguzo hizo za barafu. Ya chini kabisa aliikadiria kuwa na umri wa miaka zaidi ya 11,000. Ndani yake zilionekana alama za ukame mkubwa wa kama miaka 4,000 iliyopita uliodumu karne tatu hivi, na barafu ilikuwa imeuvumilia. Lakini kwenye tabaka la juu kabisa, chini ya mita moja, yeye na wenzake waliona viputo vilivyovutwa kwa kuyeyuka na kuganda tena, na katika barafu ya zamani hawakuviona. Barafu iliyohimili karne tatu za kiangazi sasa inayeyuka juu. Ukame wa mwaka 1880 uliifungua safari hii, na joto la wakati wetu linaimalizia.

Thompson alisema pia kwamba barafu ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na asubuhi mlima ukifunguka bado kuna vipande vyeupe. Wengi wamelitumia hilo kumwita mwongo. Mimi natazama vipande vyenyewe vilivyo, na naona kuwa alikosea tarehe tu. UNESCO mwaka 2022 ilitaja 2050 kuwa mwaka ambao Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimepoteza barafu yake. Nguzo alizotoboa zimehifadhiwa kwenye majokofu kule Columbus, Ohio. Wajukuu zangu huenda wakalazimika kupanda ndege kwenda kuitazama barafu ya kale ya Kibo.

Joto hilohilo tunalo huku chini, na huku ndiko kunakoniuma zaidi. Nilipokuwa msichana hatukulala kwenye chandarua Mamba. Mbu walikuwa habari za watu wa Kahe na Himo. Sasa kila kitanda kinacho. Kahawa zamani ilingoja masika, ikachanua kwa pamoja, vihamba vyote vikanukia. Siku hizi mvua ya siku mbili Januari huidanganya ikachanua, kisha jua la Februari linayakausha maua kabla hayajashika, na masika yakija mti umeshachoka. Julai, ambayo tulivaa sweta mbili kwenda shule, ina siku ambazo ninaanika nguo saa nne na kuzianua saa sita.

Na msitu? Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutembea mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umekula sehemu kubwa ya msitu wa juu tangu miaka ya 1970, na mpaka wa miti umeshuka mamia ya mita. Hewa ikikauka, kuni ya mpishi mmoja au moshi wa mrina asali mmoja unatosha. Kwa hesabu yake, maji ya ukungu yanayopotea kwa miti kuungua ni mengi kuliko yale ambayo barafu yote hutupatia. Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi, ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90 za mimea ya juu, na watu wa kujitolea, wanafunzi wakiwemo, wakapanda kuuzima kwa matawi na majembe. Usiku tuliuona kutoka Moshi mpaka Mamba. Niliongea na jamaa zangu walioko ng'ambo wiki ile. Waliniuliza kama theluji iko salama.

Watu wa huku waliwahi kukabidhiwa kipande cha msitu. Mwaka 1941 serikali ya Waingereza ilitenga ukanda pembezoni mwa hifadhi, unaoitwa mpaka leo Nusu Maili, uwe chini ya Wachagga kwa kuni, majani na mbao. Uliangaliwa vizuri kwa miaka kadhaa, kisha mamlaka yakahamishwa huku na huku, na miti ikaisha. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi uliingizwa katika hifadhi ya taifa. Naelewa kwa nini. Ila mabanio mengi yamo humo ndani, na mfongo usiotembelewa hufa baada ya masika mawili au matatu: udongo hujaa, mizizi hupasua kingo, na kijana hajui tena ulipita wapi.

Wetu bado unatiririka. Kazi ya banio tumeihamishia Desemba, kwa sababu ndipo wana wa ukoo wanapotoka Dar es Salaam na Arusha kuja kula Krismasi. Huomba kibali kwanza, kisha hupanda na makoleo, na wenye magari huyaacha kanisani. Mara ya mwisho walikuja na mifuko ya saruji wakitaka kuusakafia mtaro wote usivuje. Wazee wakakataa, kwa hoja kwamba maji yanayovuja ndiyo yanayonywesha migomba ya jirani wa chini asiye na zamu. Vijana wakajibu kwamba kiangazi cha sasa maji hayafiki hata kwa mwenye zamu. Wote wana haki. Tumekubaliana kusakafia pale penye mwamba tu, na zamu za usiku zimerudishwa, nduwa mbili zikachimbuliwa upya. Mimi nimepewa daftari niandike majina, saa na siku, kama babu alivyoyashika kichwani, na jina la jirani wa chini nimeliandika pia, Alhamisi, baada ya saa kumi.